Tomsoni mu sahani yetu: kazi za watu wenye hatuonaka

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa makartier, Lubumbashi



Leo hatukuje na maneno ya uchaguzi. Tunakuja na samaki. Ile samaki tunaitaka tomsoni, yenye Wafaransa wanaita chinchard, yenye inalala mu beseni ya mama pale soko ya Kenya, Njanja, Mzee Kabila, Ruashi, Katuba, kila fasi. Mutu mwenye hajakula bukari na tomsoni na lengalenga mu hii Lubumbashi anyooshe mukono. Hakuna? Basi tuko pamoja.

Swali yetu ni moja: hii samaki, ni nani walitumika mpaka ikafika hapa, na kila mutu mu njia alibaki na nini? Tukijibu vizuri, tutajua ni fasi gani bei ya chakula yetu inapangwa, na ni mulango gani vijana sawa sisi tunaweza kugonga.

Tuanze mbali, kwenye bahari.

Inchi yetu iko na bahari, lakini kidogo: pwani ya karibu kilomita 40 kule Muanda, mu Kongo-Central. Tomsoni ya Lubumbashi haitokeake kule. Nyingi inatoka kusini, mu Namibia, mu muji wa bandari wenye jina la Walvis Bay. Kutoka pale mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 2000 za barabara. Na Kongo yetu iko kati ya wanunuzi wakubwa kabisa wa ile samaki yao. Maana yake watu wa Walvis Bay wanatumika kila siku juu ya sahani yetu, na sisi hatujui hata jina ya kartier yao.

Ginsi gani wanaishi kule?

Mbele yao ni bahari, nyuma ni jangwa la Namib, muchanga tu. Hakuna shamba, hakuna mihogo nyuma ya nyumba. Maji ya bahari ni baridi juu ya mukondo wa Benguela. Upepo unasukuma maji ya juu, yale ya chini yanapanda na chakula cha samaki, na samaki wanajaa. Njo maana muji ule unaishi juu ya bandari, chumvi na samaki. Siku samaki wanakosa, muji mzima unasikia.

Namibia ilipata uhuru mu Machi 1990, lakini Walvis Bay ilibaki mukononi mwa Afrika Kusini mpaka 1994. Apartheid ilikuwa imegawanya muji kufuatana na rangi: machotara mu Narraville, weusi mu Kuisebmund. Wengi wa Kuisebmund walitoka mbali, kaskazini, Owambo. Walikuja na kontra, mwanaume peke yake, analala mu kambi, bibi na watoto wanabaki mu kijiji. Wazee wetu wa Union Minière wanajua ile lugha: kontra, kambi, poso. Mu Desemba 1971 wafanyakazi wa kontra wa Namibia waligoma juu ya ile sheria ya kuwatenga na familia zao. Hawakuwa na intaneti, hawakuwa na simu mu mufuko. Walikuwa na umoja.

Leo kontra ya zamani imekwisha, lakini kazi bado ni ngumu. Muelewe kitu kimoja: mu Walvis Bay samaki hawako sawa. Kuko ile inaitwa hake, nyama nyeupe, yenye inaenda Ulaya, zaidi Hispania. Ile inaletwa mu kiwanda. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, wanasimama masaa na masaa na buti, glavu na kofia, mu baridi, wanakata, wanatosha mifupa, wanapanga. Hake njo inalisha nyumba nyingi za kule.

Na kuko tomsoni, yenye inakuja kwetu. Ile mara nyingi inagandishwa nzima nzima ndani ya meli, kule kule baharini, inapangwa mu kartoni kufuatana na urefu. Ikifika bandari, kazi yenye inabaki ni kupakua, kuingiza mu baridi, kupakia mu kamio. Wakubwa wa Namibia wenyewe walisema mara nyingi kwamba ile samaki inaacha kazi kidogo sana kwenye inchi kavu. Hii maneno tunaijua sisi. Shaba inatoka hapa Katanga mu mabamba, inaenda kufanywa waya ngambo. Mutu wa Kolwezi na mutu wa Kuisebmund wanaweza kuketi pamoja na kuelewana bila mufasiri.

Mwenye kutumika ndani ya meli, yeye anaishi maisha mengine. Anatoka wiki na wiki. Nyavu inavutwa muchana na busiku, na bahari haijui siku ya Mungu. Mu mwaka 2015 wavuvi wa Namibia waligoma. Walidai masaa yao ya kazi yahesabiwe sawa sheria ya kazi inavyosema. Wengi walipoteza kazi juu ya ule mugomo, na walibaki miaka wakigonga milango ya serikali.

Na mu Julai 2020, mu Kuisebmund, moto uliunguza nyumba za mbao na mabati za Twaloloka. Mutoto mumoja akakufa, familia nyingi zikabaki inje. Muangalie vizuri: samaki yao inalala mu frigo ya kisasa, wao wanalala mu mbao.

Sasa tuingie mu ile maneno yenye inatuhusu sisi sana, vijana wenye kufuata mambo ya uongozi.

Samaki ya bahari ya Namibia ni mali ya taifa. Kila mwaka serikali inapanga tani ngapi zinaweza kuvuliwa, kisha inagawanya haki ya kuvua. Ile fungu njo wanaita kota. Mwenye kupata kota, hata kama hana mutumbwi, anaweza kuuzisha ile karatasi kwa mwenye meli. Mu Novemba 2019 karatasi za siri za kampuni moja ya Iceland, Samherji, zilitoka hazarani. Aliyezitosha alikuwa mutumishi wake wa zamani, Jóhannes Stefánsson. Waandishi wa habari wa Iceland na wa Al Jazeera walizifuata, WikiLeaks ikazitangaza, na ile mambo ikapata jina la Fishrot, maana yake samaki iliyooza. Walisema kota za tomsoni zilitolewa juu ya makuta ya chini ya meza. Waziri wa uvuvi, Bernhard Esau, na waziri wa sheria, Sacky Shanghala, waliacha kazi, kisha wakakamatwa ndani ya ule mwezi. Wao walikana, na kampuni pia ilikana kosa. Kuhukumu ni kazi ya majaji, si yetu.

Lakini kitu kimoja hakingojee hukumu. Kota zilipohamishwa toka mukono mumoja kwenda mwingine, meli zilizokuwa na kazi zilikosa samaki ya kuvua, na wafanyakazi wengi wakarudishwa nyumbani. Mutu alikuwa na mushahara, na nyumba ya kulipia, na watoto mu masomo. Asubui moja anaambiwa: hatuna kota. Ile ilikuwa tomsoni. Samaki yetu. Wakati kule walikuwa wanapigana juu ya ile kota, hapa Katuba tulikuwa tunaikaanga.

Hatusemi tulikula zambi. Tunasema: rushwa ya mbali haikuwa mbali.

Sasa tuifuate mu barabara.

Kamio ya baridi inatoka Walvis Bay, inapanda mpaka kaskazini ya Namibia, inavuka Zambezi kwenye daraja ya Katima Mulilo yenye ilifunguliwa mu 2004. Inaingia Zambia, inapita Livingstone, Lusaka, Copperbelt, mpaka Kasumbalesa. Shofere ako na kazi mbili: kuendesha, na kulinda baridi. Mashini ya baridi inakula mafuta hata gari ikisimama. Kwa hiyo kila siku kamio inalala kwenye mupaka, kuko mutu anailipia, na yule mutu wa mwisho ni mwenye kununua samaki moja juu ya watoto ine.

Na kutoka upande yetu, mistari ya kamio za shaba na kobalti inangojea vilevile. Mu 2024 Kongo ilitosha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili mu dunia nzima. Barabara ni moja: shaba inashuka, samaki inapanda. Vijana wa Kasumbalesa wanajitafutia katikati. Kuko wa kubadilisha franga na kwacha na dola, wa kubeba muzigo ku kichwa, wa kuuzisha maji na maandazi kwa bashofere, wa kusukuma pusupusu na kinga za magurudumu matatu, wakati mwingine mutu mulemavu njo mwenye gari. Wengi wao walisoma. Tunajua, kwa sababu kati yetu kuko wenye walitumika pale na diploma imekunjwa mu sanduku nyumbani.

Basi samaki inafika Lubumbashi. Inaingia depo, mu chumba cha baridi. Saa kumi na moja ya asubui mama amekwisha kusimama pale. Ametoka Katuba ao Kampemba na teksi ya kwanza. Makuta ya kununua kartoni, pengine ni ya likelemba, pengine ni deni. Anabeba kartoni, anaisukumisha na pusupusu mpaka soko. Anavunja barafu na mikono. Anapanga: kubwa mbele, ndogo nyuma. Anafukuza nzi. Anaita wateja: «Mama njoo, papa njoo, samaki ni ya leo!»

Tufanye hesabu, ya mufano tu. Tuseme kartoni iko na samaki 80. Bei ya kartoni na transporti vinarudi akisha kuuzisha 70. Faida yake yote iko mu zile 10 za mwisho. Lakini zile 10 za mwisho njo zinabaki mangaribi, wakati jua imezipiga. Kama iko frigo na umeme, kesho ataziuzisha. Kama umeme umekatika, atazikausha na chumvi, ao atazikaanga, ao atazipunguza bei mpaka faida inaisha. Kisha mu zile 10 kuko ya takse ya meza. Kuko ya mutu wa usafi, na uchafu unabaki pale pale. Kuko ya mutu mwingine mwenye amevaa jile, hakuna mwenye anajua ni wa ofisi gani. Mama anamupa franga, hamupi karatasi. Akikataa, beseni inabebwa.

Bandugu, pale njo siasa iko. Si mu televizyo peke. Iko mu zile samaki 10.

Kuko wenye watatuuliza: juu ya nini tunakula samaki ya bahari ya mbali wakati tuko na Luapula? Swali nzuri. Kasenga ni karibu kilomita 200 tu kutoka hapa. Luapula na ziwa Mweru zilikuwa zinalisha huu muji tangu unaitwa Élisabethville. Miaka ya wakoloni, wafanyabiashara Wagriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki kwa wavuvi, wakaiweka mu barafu, wakaileta na magari juu ya wafanyakazi wa migodi. Samaki yenye ilisifiwa sana ni mpumbu. Wakati wa mvua mpumbu walikuwa wanapanda muto kwa makundi juu ya kutaga mayai, na nyavu zilikuwa zinawangojea pale pale. Samaki wenye mayai wakavuliwa mwaka kwa mwaka, kwa sababu muji ulikuwa na njaa na biashara ilikuwa nzuri. Kufika mwisho wa miaka ya 1940, ile makundi ya mpumbu ilikwisha. Leo vijana wa Lubumbashi hawajui hata jina yake.

Walvis Bay nayo iliona vile. Mu 1968 walivua karibu tani milioni 1.4 za sardini. Miaka michache nyuma, sardini ikaanguka, viwanda vikafunga, na hata leo haijarudi sawa zamani. Kisha macho yakageukia tomsoni. Mpumbu na sardini wanatufundisha kitu kimoja: samaki ikikwisha, mwenye barafu na magari anahamia biashara ingine. Muvuvi na muji wake njo wanabaki.

Wavuvi wa Kasenga, wa Kashobwe, wa Kilwa bado wanatumika. Wanatoka busiku na mutumbwi, wanatega nyavu, asubui wanarudi. Wabibi zao wanakausha, wanachoma, wanafunga mu bitunga. Makobo, pale, kambale, na ile fretini ndogo ndogo. Upande wa Zambia uvuvi unafungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, juu samaki azae. Luapula ni maji moja. Samaki hajui mupaka, haulizake pasiporti. Kama ngambo moja inafunga na ngambo ingine inavua, wote wawili wanapoteza. Na hata mutu mwenye kuheshimu sheria, kama wakati wa kufunga hana kazi ingine, watoto wake watakula nini? Kufunga muto bila kufikiria tumbo la muvuvi ni kumusukuma kwenye chandarua cha mbu, chenye kinakamata mpaka vitoto vya samaki.

Kisha ile kutunga inapakiwa mu kamio toka Kasenga, inapita Kasomeno, na mu kila bariere kuko mukono. Njo maana, bandugu, samaki ya kilomita 200 wakati mwingine inashindwa na samaki ya kilomita 2000. Ile ya mbali inakuja na kampuni, na karatasi, na baridi. Ile ya karibu inakuja na mama mumoja, kutunga kimoja, na mabariere.

Sasa tufanye nini? Hatutaki kutoka hapa na vigelegele tu.

Kwanza, tuache zarau. Kuko wenye diploma kati yetu wanapita mbele ya mama wa samaki wakiziba pua, na ile diploma ililipiwa na samaki. Lakini pia hatuwaambii vijana: uzisheni samaki mukae kimya. Shomeri mwenye licence ako na haki ya kudai kazi. Na mama wa samaki ako na haki ya kudai soko safi na umeme. Ni deni moja, na mwenye kulipa ni mumoja: mwenye kukamata takse.

Pili, tujue sheria. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria peke. Na ordonansi-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018 inaandika liste ya takse zenye jimbo na komini zinaweza kuomba. Kitu kisichokuwa mu liste hakiombwe. Na chenye kiko mu liste kinalipwa na karatasi ya malipo. Mutu wa jile asiye na karatasi, hana takse. Hatumupige, hatumutukane. Tunamuuliza tu, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: karatasi iko wapi?

Tatu, tunaanza daftari. Kila kikundi cha kartier kichague soko moja. Watu watatu, siku 30, pamoja na bamama wenye wanakubali. Kila siku tunaandika: iliombwa nini, ni ofisi gani, kiasi gani, karatasi ilitoka ao hapana, umeme ulikatika masaa ngapi. Hatuandike jina ya mama. Hatupige picha bila ruhusa, kwa sababu picha tunaiweka sisi, lakini beseni inabebwa yake. Na hatuahidi kitu tusichoweza. Tunamwambia kweli: mama, tunahesabu, hatujui kama itabadilika, lakini bila hesabu haitabadilika.

Kisha siku 30, tunaweka hesabu pamoja, tunaipeleka kwa burgumestre na kwa wabunge wa jimbo, kopi moja inabaki hapa kwenye ukurasa wetu, kila mutu aisome. Tutaomba vitu vine, vidogo, vyenye havina sababu ya kukataliwa: liste ya takse ibandikwe kwenye mulango wa kila soko, kwa Kiswahili, karatasi kwa kila malipo, saa za umeme zijulikane mbele, na mu barabara ya Kasenga, bariere isiyokuwa na sheria iondoke.

Wenzetu wa Namibia, Fishrot haikuwaanguka toka mbinguni. Mutu mumoja aliweka karatasi. Wengine walizisoma. Wengine walisimama mbele ya korti na mabango. Kesi ilichukua miaka, na mutu wa Kuisebmund mwenye alipoteza kazi hakurudishiwa yote. Tunawaambia hivyo juu musifikiri ni rahisi. Lakini kota, yenye ilikuwa siri ya wakubwa, ikawa maneno ya kila nyumba. Mutoto wa shule wa kule anaweza kukuelezea.

Sisi tunataka mutoto wa Katuba aweze kukuelezea takse ya meza.

Wenye wanataka kushika daftari, mubaki kisha mukutano, mutuachie jina ya soko yenu. Njanja bado haina mutu. Ruashi iko na mumoja, tunatafuta wawili. Na kesho asubui, ukinunua tomsoni, mulipe mama bei yake bila kumukata sana. Zile samaki 10 za mwisho, sasa munajua.